Kwenda kutazama onyesho kubwa la mavazi ukitokea Kusini: maswali ninayoulizwa na majibu yangu

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Chikongola, Mtwara mjini. Nimekwenda Dar es Salaam mara nne kutazama maonyesho ya wabunifu wakubwa, kwa basi na kwa pesa yangu. Tangu niliporudi mara ya kwanza, wateja wananiuliza maswali yaleyale huku nikiwapima kiuno, na wengine wananipigia kutoka Lindi na Masasi. Nimechoka kujibu nikiwa nimebana pini mdomoni. Majibu ni haya. Ya Paris na London nimeyatia kwa sababu mnayauliza sana, si kwa sababu nimefika.

Fundi, kwani kule mnatazama nini hasa? Si nguo tu?

Ni nguo tu, ndiyo. Taa zinafifia, muziki unaanza, wanamitindo wanatoka mmoja mmoja, wanafika mwisho wa jukwaa, wanasimama kidogo, wanageuka, wanarudi. Basi. Hakuna MC wa kuchekesha watu wala keki ya kukata. Kwenye miji mikubwa ya mitindo, onyesho zima la mbunifu mmoja huchukua dakika 10 hadi 20 hivi. Dar usiku mmoja hupangiwa wabunifu kadhaa, kwa hiyo utakaa muda mrefu, ila zamu ya kila mmoja ni fupi. Ukiinama kuokota simu, magauni mawili yamekupita.

Kama ni hivyo, si bora nitazame kwenye simu nikiwa nyumbani?

Hili ndilo swali lenyewe, na mimi mwenyewe nilikuwa nalo.

Mara ya pili nilikaa mstari wa tatu, pembeni kabisa, karibu na mahali wanapogeukia. Akapita msichana kavaa gauni refu jeupe la satini. Kwa mbele lilikuwa gauni la kawaida, hata nikawaza kwamba hili nalishona kwa siku mbili. Alipogeuka nikanyamaza. Mgongoni hapakuwa na zipu. Palikuwa na vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa satini ileile, vimejipanga toka shingoni hadi kiunoni, vimeshikwa na vitanzi vya uzi. Chini ya kiuno kitambaa kilikuwa kimekatwa mshazari, kwa hiyo kila akipiga hatua gauni lilikuja nyuma yake taratibu, halimbani wala halimwachi. Satini ya aina hiyo tunayo madukani hapahapa Mtwara. Miaka yote nimeikata wima, kisha nikailaumu kwamba inakakamaa mwilini.

Siku iliyofuata nilitafuta picha za gauni lile mtandaoni. Nilizikuta nyingi, na zote zilikuwa za mbele.

Kingine ni sauti. Kitambaa kina sauti, na muziki ukishuka unaisikia. Hariri inanong'ona. Lesi ngumu inakwaruza. Satini ya bei ya chini inalia kama mfuko wa plastiki, hata iwe imepambwa namna gani. Na ukikaa karibu unaona pia yale ambayo mbunifu asingependa uyaone: pindo lililoshikizwa kwa pini dakika ya mwisho, uzi unaning'inia, bitana imechungulia. Siku nilipoona pini kwenye nguo ya mbunifu mwenye jina, nilifarijika sana. Nikajua na wao wanakesha.

Kwa hiyo kama unakwenda kupiga picha ukiwa umependeza, simu inatosha, okoa nauli. Kama unakwenda kuona mgongo wa nguo, nenda.

Ni onyesho gani naweza kulifikia bila pasipoti?

Linalojulikana zaidi ni Swahili Fashion Week, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, mbunifu ambaye kwanza alisomea udaktari. Huwaleta pamoja wabunifu wa Tanzania na wa nchi jirani, na kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwaka. Kwetu Kusini huo ni msimu mzuri, kwa sababu minada ya korosho inakuwa imeshaanza tangu Oktoba na wengi wana chochote mfukoni. Mimi si mkulima, lakini wateja wangu ni wakulima. Wakilipwa wao nami nalipwa.

Mbali na hilo kuna usiku mmojammoja ambao mbunifu hualika watu kwenye hoteli au ukumbi. Hizo habari huzipati redioni. Wafuate wabunifu wenyewe kwenye kurasa zao, na uwe mwepesi, maana viti ni vichache.

Mashindano ya urembo na maonyesho ya harusi ya hapa Mtwara na Lindi ni ya kuchangamka, nayapenda, lakini hayo hujengwa kwa ajili ya mrembo. Haya ninayoyasema hujengwa kwa ajili ya nguo.

Tiketi nainunua wapi, na nitajuaje kwamba si ya uongo?

Nunua pale tu ambapo waandaaji wenyewe wametangaza kwenye ukurasa wao. Mimi safari ya kwanza nilijifanya mjanja. Kuna mtu aliniandikia kwamba ana tiketi za VIP zimebaki, nusu bei, nitume pesa haraka kabla hajampa mwingine. Nikatuma. Akanitumia picha ya tiketi yenye jina langu, nikaifurahia kama cheti cha ndoa. Mlangoni kijana wa usalama akaitazama, akanitazama mimi na mkoba wangu, akasema kwa upole, "Mama, hii ni picha tu." Namba ya yule mtu ilikuwa imeshazimwa. Nililipia kiingilio cha kawaida palepale na kukaa nyuma kabisa, nikimtazama mwenye kilemba mbele yangu kuliko jukwaa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniharakisha kulipa, silipi. Tiketi za kweli zina namba au alama ya kuskani, na ukiuliza kwa waandaaji wanakujibu.

Gharama zinafika ngapi?

Sitaji bei, zinabadilika kila mwaka. Nitakwambia mgawanyo: tiketi ya kawaida ndiyo ndogo kuliko zote. Pesa inaliwa na nauli ya kwenda na kurudi, gesti siku mbili au tatu, chakula, na usafiri wa usiku wa manane kutoka ukumbini. Huo wa mwisho watu husahau kuuhesabu. Onyesho likiisha saa 6 usiku huwezi kusubiri daladala ukiwa na gauni la kuburuza. Kama una ndugu Mbagala au Temeke, mwombe malazi mapema na usiende mikono mitupu. Kilo ya korosho zilizobanguliwa hukufungulia mlango wowote Dar.

Safari yenyewe naipangaje?

Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, Lindi wana nafuu ya kama kilomita 100. Ndege ipo, ni kama saa moja angani, na kwa mwenye uwezo ndiyo njia ya kufika na gauni lisilo na mkunjo. Sisi wengine tunapanda basi la alfajiri na kufika mchana au jioni. Wazee wanaokumbuka foleni ya kivuko cha Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 watakwambia sisi tunadeka.

Lakini usisafiri siku ileile ya onyesho. Barabara hii ina tabia zake. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata maeneo ya Somanga, watu walikwama njiani siku kadhaa. Hata bila kimbunga, gurudumu moja likipasuka jioni yako imekwisha. Fika siku moja kabla.

Na nguo usiiweke buti. Narudia, usiiweke buti. Safari yangu ya tatu nililaza begi chini, na juu yake likawekwa boksi la mtu la pweza wakavu. Joto, masaa yote yale, na boksi lilikuwa na tundu. Kufika gesti nikafungua begi: gauni la kitenge nililolishona kwa wiki nzima linanukia kama soko la feri. Nilifua, nikaanika dirishani, nikafukiza udi wa jirani wa chumba cha pili, nikaenda nalo hivyohivyo likiwa na unyevu mapajani. Hakuna aliyesema kitu. Paka wa pale gesti, hata hivyo, alinifuata hadi kwenye bajaji.

Sasa naviringisha nguo ndani ya khanga mbili, naipakata. Ukiviringisha haiwi na mikunjo mikali kama ya kukunja. Ukifika itundike bafuni, fungua maji ya moto kama yapo, mvuke utainyoosha. Kama hayapo, omba pasi mapokezi.

Nivae nini nisiaibike? Mimi nina madera na magauni ya harusi tu.

Gauni la harusi linafaa, mradi lisiwe la sare. Ukiingia na sare ya kamati watu watakuuliza bi harusi yuko wapi. Dera ni vazi langu la nyumbani na la sokoni, sitakudanganya, kule litakuwa limelala mno. Lakini dera hilohilo la kitambaa kizuri, likibanwa kiuno na kupunguzwa mikono, limeshageuka gauni. Njoo kibandani tulifanye.

Ushauri wangu ni huu: vaa kitu kimoja tu kinachosema, kingine chote kinyamaze. Ukiwa na kitenge chenye maua makubwa, hereni ziwe ndogo. Watu wanaofanya kazi ya mitindo wenyewe, nimewachunguza, wengi huja na nguo nyeusi za kawaida. Wanaong'aa kupita kiasi ni sisi wageni.

Desemba Dar ni joto la kutoka jasho hata ukiwa umekaa. Epuka kitambaa kinachoonyesha maji kwapani.

Viatu vya mchuchumio?

Kama ukumbi uko ndani, vaa. Kama ni bustanini, kisigino kitazama kwenye majani na utatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Uliza kwanza. Kandambili za kurudia ziwe kwenye mkoba.

Navaa hijabu. Nitaonekana wa ajabu?

Hapana. Dar ni mji wa pwani. Nimewaona wenye mitandio hadi mstari wa mbele, na baadhi walikuwa wamependeza kuliko waliokuwa jukwaani.

Huo mstari wa mbele unakaliwa na nani? Naweza kulipia?

Sehemu zingine VIP inauzwa na inakuweka mbele au karibu na mbele. Lakini viti vingi vya pale huwa vimeshapangwa: wanunuzi wa maduka, waandishi, wadhamini, wasanii, wateja wakubwa wa mbunifu. Utakuta karatasi yenye jina juu ya kiti. Usiiondoe, hata kama mwenyewe amechelewa na taa zimeshazimwa. Kuna waratibu wenye orodha ambao kazi yao ni kujaza mapengo dakika ya mwisho. Ukisimama mahali wanapokuona, umevaa vizuri na hujagombana na mtu, unaweza kusogezwa mbele bure. Mimi nimesogezwa mara moja.

Kama huna VIP, usililie katikati. Tafuta pembeni karibu na mwisho wa jukwaa, wanapogeukia. Mwisho kabisa pamewekwa wapiga picha, usiwazibe, wana midomo.

Linaanza saa ngapi kweli?

Kadi ikisema saa 1 usiku, wewe kuwepo saa 1. Litaanza baadaye, wala si sisi tu, Paris nako kuchelewa nusu saa ni kawaida. Ila milango ikifungwa imefungwa.

Naruhusiwa kupiga picha? Kupiga vigelegele? Kutunza?

Picha piga ukiwa umekaa, bila taa ya simu, maana ile taa humpofusha anayetembea na viatu virefu. Vigelegele na makofi ni mwishoni, mbunifu anapotoka kuinama. Katikati watu huwa kimya, na ukimya huo mwanzoni utakuchosha kama umezoea kumbi zetu.

Kutunza, hapana. Nacheka kila nikikumbuka. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, mtu mzima, wa pwani kabisa, alipendezwa na gauni la khanga lililopita. Akafungua mkoba, akatoa noti ya elfu tano, akasimama na kuanza kwenda jukwaani kwa madaha, bega la kulia, bega la kushoto, kama yuko kwenye taarabu. Mlinzi alimwahi hatua mbili kabla. Akamwambia, "Bibi, hapa hawatunzwi." Bibi akashangaa, "Sasa anajuaje kama kapendeza?" Sijapata jibu la swali hilo hadi leo.

Naweza kwenda na mtoto anayenyonya?

Spika zile? Mwache kwa bibi yake.

Na Paris? Mtu wa kawaida anaweza kuingia?

Kwa kununua tiketi, kwa kawaida hapana. Yale ni maonyesho ya biashara, watu huingia kwa mwaliko: wanunuzi, wahariri, wateja. Nguo za madukani huonyeshwa huko kati ya Februari na Machi, kisha Septemba na Oktoba, zikifuatana na New York, London na Milan. London walijaribu kufungua mlango: Septemba 2019 London Fashion Week iliuza tiketi kwa umma. Maonyesho mengi siku hizi hurushwa moja kwa moja mtandaoni bure, na hapo ndipo mimi huyaona.

Mtu akikuambia anakuuzia mwaliko wa Paris pamoja na viza, rudi usome jibu langu la tiketi. Viza ya Schengen, yaani ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, mwombaji anaiomba mwenyewe, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa.

Haute couture ni nini? Nasikia ni nguo za mabilioni.

Ni nguo inayoshonwa kwa vipimo vya mteja mmoja, sehemu kubwa kwa mkono. Ukifikiri vizuri, ndiyo kazi ninayofanya mimi Chikongola, isipokuwa jina, shanga na bei! Ila Ufaransa jina hilo linalindwa na sheria tangu 1945. Nyumba ya mitindo haiwezi kujiita hivyo mpaka iwe na karakana Paris yenye wafanyakazi wa kudumu wasiopungua 15, na ionyeshe mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, mavazi yasiyopungua 25 kila mara.

Aliyeanza mambo haya anatajwa kuwa Mwingereza, Charles Frederick Worth, aliyefungua nyumba yake Paris mwaka 1858. Kabla yake fundi alifuata matakwa ya mteja. Yeye akageuza: anabuni kwanza, anamvalisha mwanamke aliye hai, mteja anakuja kuchagua. Akashona na jina lake ndani ya nguo. Nami nimeanza kushona kitambaa kidogo chenye jina langu kwenye ukosi, na wateja wawili wameniomba nikitoe kwa kuwa kinawasha.

Januari 2020 Imane Ayissi wa Cameroon aliingia kwenye ratiba hiyo ya Paris, na amekuwa akitumia vitambaa vya Kiafrika vilivyofumwa kwa mkono. Tafuta kazi zake. Halafu tazama migongo.

Binti yangu ni mrefu mno, wenzake wanamcheka. Nikimpeleka kwenye onyesho anaweza kuchukuliwa?

Urefu unaotakiwa jukwaani kwa wasichana mara nyingi ni kuanzia kama sentimita 175, kwa hiyo mwambie hao wanaomcheka wasubiri. Lakini kukaa kwenye viti hakumfanyi achukuliwe. Wanamitindo hupatikana kwenye usaili unaofanyika kabla, na hutangazwa. Mpeleke huko, nenda naye, kaa mlangoni. Asiende peke yake kwa mtu aliyempigia simu, na asilipie chochote ili "asajiliwe". Mwonyeshe Flaviana Matata, aliyeingia kumi bora ya Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, wakati ambapo huku kwetu msichana kunyoa ilikuwa maneno.

Ukirudi unaiga mishono?

Naiga mkono, siigi nguo. Yule wa satini nyeupe alinifundisha kukata mshazari, na tangu hapo nimekata magauni mengi hivyo, hakuna hata moja lenye vifungo vile mgongoni. Mteja akiniletea picha ya kazi ya mbunifu na kutaka ileile, namshonea kitu cha karibu na hapo na kumwambia cha nani. Kuna wanaonuna.

Vifungo vile nimevijaribu mara moja tu, kwa siri, kwenye blauzi yangu. Ishirini na mbili. Vidole viliniuma siku tatu, na mume wangu anakataa kunifunga.

Fundi, mwaka huu unakwenda? Na gauni langu la send-off je?

Nasubiri minada miwili ya kwanza ipite ndipo nijue. Bei ya korosho ikiwa nzuri, naondoka na basi la alfajiri. Gauni lako limeshakatwa, bado mikono na bitana, njoo Alhamisi ujaribu. Njoo na viatu utakavyovaa, si kandambili kama mara ile, maana pindo la nyuma silikati tena kwa kukisia.